Kutu ya pikapu kuukuu: Kazi ya mmiliki na kazi ya fundi

DODOMA ni nchi ya ukame, na wenye magari wengi huamini kuwa ukame huo ni kinga tosha dhidi ya kutu. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Pikapu iliyokaa miaka mingi Nkuhungu inaweza kuwa na rangi inayong'aa juani, huku vizingiti vya chini ya milango yake vimeliwa kutoka ndani hadi kubaki ganda jembamba linalotobolewa kwa bisibisi.

Magari ya aina hiyo yana kazi nyingi mjini humo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, ujenzi umeongezeka katika kata za pembezoni. Pikapu kuukuu hubeba mchanga, saruji, matofali na madumu ya maji, hupeleka mbuzi mnadani Msalato, na msimu wa zabibu ukifika huingia katika njia za mashambani kufuata mavuno.

Kwa familia inayoitegemea, pikapu ni sawa na jembe. Ikisimama gereji wiki tatu, kipato nacho husimama wiki tatu. Ndiyo maana wamiliki wengi hushawishika kufanya kazi ya bodi wenyewe, nyumbani, siku ambazo gari halina mzigo.

Kazi hiyo inawezekana, na sehemu yake kubwa haihitaji mashine za gharama. Hata hivyo, ina mambo mawili ambayo mmiliki hana budi kuyaelewa kabla ya kushika msasa. La kwanza ni kwamba kutu haifi kwa kufunikwa. Huondolewa hadi bati safi lionekane, kisha maji huzibiwa njia. La pili ni kwamba zipo sehemu za gari zinazoshikilia uhai wa abiria, na hizo si za kujifunzia.

Kutu katika nchi kavu

Kutu ni matokeo ya chuma kukutana na oksijeni na maji kwa wakati mmoja. Kikikosekana kimojawapo, haitokei. Katika hewa isiyo na chumvi, chuma huanza kuliwa kwa kasi pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60. Chumvi ikiwapo, kazi hiyo huanza katika unyevu mdogo zaidi, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka hewani na kuyafanya yapitishe umeme mdogo unaokula chuma.

Dodoma ipo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi inayobaki, hewa ya mchana huwa kavu, na bati safi lililo wazi linaweza kukaa muda mrefu bila kudhurika sana. Gari kama hilo likiwa Dar es Salaam au Tanga, kwenye joto, unyevunyevu na upepo wa bahari, huliwa kwa haraka zaidi.

Tatizo la Dodoma ni kwamba kutu haianzii pale panapoonekana. Wakati wa masika, magurudumu hurusha tope jekundu hadi ndani ya mikunjo ya madigadi, nyuma ya taa, juu ya chesisi na ndani ya vizingiti. Mvua ikikatika, uso wa gari hukauka kwa saa moja, lakini tope lililojificha hubaki na unyevu kwa siku nyingi. Matundu ya kutolea maji yakizibwa na udongo huo, mlango hugeuka kuwa ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu ya pili ni maji ya kuoshea. Maji ya bomba ya jiji hutoka kwa sehemu kubwa katika visima virefu vya Makutupora, lakini visima vingine vingi vya Dodoma hutoa maji yenye chumvi. Gari linalooshwa kila wiki kwa maji ya aina hiyo na kuachwa likaukie juani hubakiwa na chumvi katika kila mshono wa bati. Mmiliki hudhani anasafisha, kumbe anaongeza chakula cha kutu.

Sababu ya tatu ni mizigo. Mkojo wa mbuzi na ng'ombe, mbolea za viwandani na chumvi ya mifugo ni vitu vinavyokula bati kwa nguvu, hasa vinapopenya chini ya zulia au ubao uliotandikwa katika bodi ya nyuma.

Historia ya gari nayo ina uzito. Pikapu nyingi zililetwa zikiwa zimetumika Japani, na katika mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Nyingine zilitumika kwanza miaka mingi katika pwani ya Afrika Mashariki. Gari la namna hiyo hufika Dodoma likiwa tayari na ugonjwa, na ukame hupunguza tu mwendo wake.

Kupima ukubwa wa tatizo

Kabla ya kununua rangi, mmiliki anashauriwa kutenga siku nzima ya kukagua. Vifaa vinavyohitajika ni tochi, bisibisi bapa, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa katika kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi.

Sumaku hupitishwa polepole juu ya bodi. Pale inaposhika kwa nguvu, chini yake kuna bati. Pale inapolegea au kuanguka, kuna fila nene iliyowekwa na fundi wa awali, au bati halipo kabisa. Nyundo nayo hutoa taarifa: bati zima hulia kwa sauti kali, na bati lililoliwa hutoa sauti ya kufifia kama ya boksi.

Maeneo ya kuangaliwa kwanza katika pikapu ni ukingo wa chini wa milango, madigadi nyuma ya tairi, pembe za sakafu chini ya mazulia, vizingiti, ukingo wa kioo cha mbele chini ya mpira, miguu inayoshikilia kabini juu ya chesisi, ukuta wa mbele wa bodi ya nyuma, na sehemu ya ndani ya mlango wa nyuma wa mizigo. Malengelenge madogo ya rangi yasidharauliwe. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo lengelenge ni dalili kwamba imekwisha kujaa chini ya rangi, mara nyingi ikitokea upande wa pili.

Baada ya ukaguzi, kutu yote iliyoonekana igawanywe katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni kutu ya juu juu, ambayo ikikwanguliwa bati hubaki laini. Daraja la pili ni kutu iliyochimba vishimo lakini bisibisi haipenyi. Daraja la tatu ni bati lililotoboka au linalobonyea kwa kidole. Madaraja mawili ya kwanza hutibiwa kwa msasa na dawa. La tatu halina dawa ila kukata na kuweka kiraka.

Mpaka usiovukwa

Pikapu nyingi zimejengwa kwa chesisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo, na juu yake hufungwa kabini na bodi ya mizigo. Mgawanyo huo humsaidia mmiliki kujua mpaka wa kazi yake.

Madigadi, ngozi ya nje ya mlango, mlango wa nyuma, sakafu na kuta za bodi ya mizigo ni sehemu ambazo mtu mvumilivu anaweza kuzitengeneza mwenyewe. Zikikosewa, hasara ni sura mbaya na kurudia kazi.

Chesisi, miguu ya kabini, vizingiti, nguzo zinazoshika bawaba za milango, sehemu zinazofungiwa mikanda ya usalama na viti, pamoja na vishikio vya springi, ni kazi ya fundi mwenye ujuzi wa kuchomelea. Kiraka kilichowekwa vibaya juu ya chesisi kinaweza kuhamisha mzigo hadi pembeni yake na kusababisha ufa mpya. Mabomba ya breki yenye kutu hayatengenezwi, hubadilishwa.

Jambo jingine la kulindwa ni namba ya chesisi. Namba hiyo isikatwe, isipigwe msasa wala kufunikwa kwa kiraka. Gari lisilosomeka namba yake humtia mmiliki katika tuhuma za wizi, hata kama ni mali yake halali. Kutu ikiwa imekaribia eneo hilo, atafute ushauri wa polisi wa usalama barabarani na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kuligusa.

Kwa anayetaka kujifunza zaidi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Dodoma. Wiki chache za mafunzo ya kuchomelea zinaweza kumwokoa mmiliki na gharama za miaka.

Majira ya kazi

Katika nyanda za kati, kalenda ya kazi hii inajieleza yenyewe. Mvua zikikatika mwishoni mwa Aprili au Mei, gari huoshwa na kuachwa likauke kabisa, kisha kazi huanza. Kufungua bati mwezi Januari, mvua ikiwa inanyesha siku yoyote, ni kukaribisha kutu mpya kabla ya kumaliza ya zamani.

Kiangazi nacho kina mtihani wake, nao ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la Dodoma huruka mchana na kutua juu ya kila kitu kibichi. Kukata, kuchomelea na kupiga msasa kunaweza kufanyika saa yoyote, lakini upakaji wa rangi hufaa asubuhi, kabla upepo haujaamka, chini ya kivuli kilichozungushiwa turubai, huku ardhi ikiwa imenyunyiziwa maji kuzuia vumbi.

Usalama kwanza

Kabla ya kuchomelea au kutumia grainda inayorusha cheche, waya hasi wa betri hufunguliwa, na tangi la mafuta huondolewa au kuwekwa mbali na moto. Tangi tupu lisidhaniwe kuwa salama, kwani mvuke uliobaki ndani yake ndio unaolipuka. Mazulia, viti na sponji vilivyo karibu navyo hutolewa. Ndoo za mchanga na kizimamoto kinachofanya kazi viwe karibu, na namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ijulikane na kila aliyepo.

Miwani ya kinga na glavu ni lazima. Barakoa ya vumbi huhitajika wakati wa msasa, kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru hasa ubongo wa watoto. Rangi ya namna hiyo ikwanguliwe kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wasicheze mahali hapo.

Rangi za kisasa zinazochanganywa na hadena zina kemikali zinazoweza kuanzisha pumu kwa anayevuta mvuke wake, na barakoa ya kitambaa haisaidii. Anayefanya kazi nyumbani bila vifaa maalumu vya kupumulia anashauriwa kutumia rangi isiyohitaji hadena, tena mahali pa wazi.

Uchaguzi wa bati

Bati la bodi ya pikapu huwa na unene wa kati ya milimita 0.8 na 1. Kiraka kinachofaa ni cha bati la chuma la geji 20, lenye unene wa takriban milimita 0.9, au kipande kilichokatwa kutoka gari bovu la aina hiyo hiyo. Njia ya pili ina faida, kwani mikunjo ya kiwandani huwa tayari.

Wengi hukimbilia mabati ya paa kwa sababu yapo kila mahali. Mabati hayo yanalindwa na zinki, teknolojia iliyopewa hataza mwaka 1837 na mhandisi wa Ufaransa, Stanislas Sorel. Zinki huliwa yenyewe kwanza na kukiacha chuma kikiwa salama. Lakini bati la paa la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3 tu, yaani theluthi moja ya bati la gari, na haliwezi kuhimili mtikisiko wa barabara ya changarawe.

Isitoshe, zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaosababisha homa, kutetemeka na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Mafundi wengi huamini kuwa kunywa maziwa huondoa sumu hiyo. Maziwa huenda tumboni. Moshi huenda mapafuni. Kinga ya kweli ni kukwangua zinki yote pembezoni mwa mshono kabla ya kuchomelea, na kufanya kazi mahali penye hewa.

Kutu ya juu juu

Rangi huondolewa sentimita tano zaidi ya mpaka wa kutu inayoonekana, kwa kuwa kutu hutambaa chini ya rangi. Brashi ya waya na msasa namba 80 hutumika hadi bati liwe jeupe. Pale penye vishimo ambavyo msasa haufiki, hupakwa dawa yenye asidi ya fosforasi, inayogeuza mabaki ya kutu kuwa tabaka gumu lisiloliwa kwa urahisi.

Dawa hiyo hufanya kazi juu ya utando mwembamba tu. Ikipakwa juu ya magamba mazito ya kutu, hugeuza ngozi ya juu na kuacha kutu ya chini ikiendelea. Baada ya kukauka na kusafishwa kama maelezo ya kopo yanavyotaka, praima ya epoksi au ya zinki hupakwa siku hiyo hiyo. Bati lililoachwa wazi usiku kucha na kushikwashikwa kwa mikono yenye jasho limekwisha kupata chumvi.

Kukata na kuweka kiraka

Bati lililotoboka hukatwa hadi kufikia bati zima lenye unene wake wote. Kosa la kawaida ni kukata tundu dogo kwa huruma, kisha kuchomelea kiraka juu ya ukingo ulioliwa. Moto ukifika hapo, bati hilo huyeyuka na tundu huongezeka. Pembe za tundu zikatwe kwa mviringo, kwani pembe kali huzaa nyufa.

Kielelezo cha kiraka hukatwa kwanza katika karatasi ngumu ya boksi, hujaribiwa mahali pake, kisha huhamishiwa kwenye bati. Kiraka hukunjwa kwa nyundo juu ya kipande cha reli au bomba hadi kifuate umbo la bodi kabla ya kufungwa. Kiraka kinacholazimishwa kwa moto hakitatulia.

Kuhusu kuunganisha, njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuchomelea kwa mashine ya waya na gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo bora kwa bati jembamba. Ya pili ni moto wa oksijeni na asetilini, unaofikia nyuzijoto zipatazo 3,100 za Selsiasi; katika mikono ya fundi hutoa mshono mzuri, lakini hupinda bati kwa urahisi. Kuchomelea kwa vijiti vya kawaida vya milimita 2.5, vinavyotumika kutengeneza mageti, hutoboa bati la gari badala ya kuliunganisha.

Siri ya kuchomelea bati jembamba ni kupiga nukta fupi, moja huku na nyingine kule, zikiachana kwanza kwa sentimita tatu au nne, kisha kujaza katikati polepole bati likiwa limepoa. Anayevuta mshono mmoja mrefu kwa haraka huishia na bati lililojaa mawimbi, ambalo hakuna fila itakayolinyoosha.

Njia ya tatu, kwa asiye na mashine, ni riveti pamoja na gundi ya epoksi ya magari. Inafaa kwa sakafu ya bodi ya mizigo, madigadi na ngozi ya mlango pekee. Kiraka kilalie bati zima kwa sentimita mbili au zaidi kila upande, pande zote mbili zikiwa zimepakwa praima, na gundi ijaze nafasi yote ili maji yasiingie kati. Njia hii isitumike kamwe katika sehemu zilizotajwa kuwa za fundi.

Wenye pikapu za Land Rover za zamani wana hesabu tofauti. Gari hilo, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, lina bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Aluminiamu haipati kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye maji huliwa na kubaki unga mweupe. Kiraka chake kiwe cha aluminiamu, kifungwe kwa riveti za aluminiamu, na pale inapokutana na chuma pawekwe utando wa kutenganisha kama mpira au mastiki.

Kunyoosha mabonyeo na kuweka fila

Bonyeo hunyooshwa kwa kurudisha nyuma safari yake. Ukingo uliobonyea mwisho hutolewa kwanza, na kitovu kilichopigwa kwanza hutolewa mwisho. Nyundo hupiga kwa wepesi upande mmoja, na upande wa pili hushikiliwa fuawe ndogo au kipande cha chuma laini. Mapigo mengi madogo hufaa kuliko pigo moja kubwa, kwani bati linalopigwa kwa nguvu hutanuka na kutoa tumbo.

Fila huja baada ya nyundo kumaliza kazi. Ni unga laini wa mawe uliochanganywa na utomvu wa poliesta, nayo hunyonya maji. Ikiwekwa juu ya kutu au kujaza tundu, hugeuka sponji linalolisha kutu kwa siri, na baada ya masika moja au mawili hudondoka ikiwa na ganda la rangi. Tabaka lake lisizidi milimita tatu.

Hadena ya fila ni takriban asilimia mbili ya uzito, yaani gramu mbili kwa kila gramu 100. Katika joto la Oktoba mchana mchanganyiko huganda kwa dakika chache, hivyo kichanganywe kiasi kidogo kinachotosha sehemu moja. Kuongeza hadena ili kuharakisha husababisha madoa yanayotokeza juu ya rangi. Fila ikikauka husawazishwa kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao, kisha 180, halafu 240. Kiganja kilichofumba macho, yaani kinachopapasa bila mtu kutazama, hutambua mawimbi ambayo jicho haliyaoni.

Praima na rangi

Kabla ya praima, bodi hufutwa kwa kitambaa safi chenye thina au kemikali ya kuondoa mafuta. Petroli isitumike, kwani huacha mafuta na ni hatari ya moto. Praima hupakwa tabaka mbili au tatu nyembamba, hukwanguliwa kwa msasa wa maji namba 400, hukaushwa kabisa, kisha rangi hufuata.

Tabaka nyembamba nyingi ni bora kuliko moja nene inayotiririka. Asiye na kompresa anaweza kutumia makopo ya kupulizia kwa sehemu ndogo, au brashi nzuri kwa bodi ya mizigo ambako uimara una thamani kuliko mng'aro.

Rangi ikibadilishwa, liko jambo la kisheria. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA huonyesha rangi ya gari pamoja na namba za chesisi na injini. Mmiliki anayehama kutoka rangi nyeupe kwenda bluu ahakikishe kumbukumbu hizo zinarekebishwa, ama sivyo gari na kadi vitatofautiana barabarani na siku ya kuuza.

Kufunga mlango wa nyuma wa kutu

Kazi iliyopendeza nje haijakamilika hadi upande wa ndani ulindwe. Moto wa kuchomelea huunguza kinga yote nyuma ya kiraka, na hapo ndipo kutu itakaporudia. Rangi au nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya milango na mikunjo kupitia matundu yaliyopo, na mishono ya nje izibwe kwa mastiki. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Kuyaziba ni kuharibu kazi yote.

Desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari haipendekezwi. Huzuia maji kwa muda, lakini hukusanya vumbi, hudhoofisha bushi na mipira, na huchuruzika katika udongo wa makazi ambako watu huchimba visima.

Mmiliki anayekusudia kuuza gari baadaye anashauriwa kuweka picha za kazi kila hatua, kuanzia kutu ilipofunuliwa hadi rangi ya mwisho. Mnunuzi mwenye sumaku ataligundua eneo lililotengenezwa, na picha zitamthibitishia kuwa chini ya rangi kuna bati. Anayeficha kizingiti kilichooza kwa fila na kumuuzia mwenzake anamuuzia hatari, kwa sababu siku ya ajali kizingiti hicho ndicho kinachotakiwa kuzuia kabini isijikunje juu ya abiria.

Matunzo baada ya hapo ni mepesi. Gari lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na kama ni ya kisima chenye chumvi, lisuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua yaliyohifadhiwa. Baada ya kubeba mifugo au mbolea, bodi ya nyuma ioshwe siku hiyo hiyo, zulia na mbao zikiwa zimeinuliwa. Novemba, kabla ya mvua, matundu ya maji yazibuliwe kwa waya. Mei, baada ya mvua, tope litolewe kwa maji mengi ndani ya madigadi na juu ya chesisi, na kila mkwaruzo uliofika kwenye bati uguswe kwa praima.

Kazi hizo mbili za mwaka hazizidi siku moja kila moja. Anayeziruka atarudi kwenye grainda na kiraka, na wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.